Mwalimu Aliyetufundisha Kuwa Spaisi ni Goti

Jamani, mpaka leo nikikumbuka nashika kichwa kwa mikono miwili. Alikuwa anajua! Mtu mwenye kalamu nyekundu mfukoni siku zote, mtu aliyeweza kuona nukta iliyokosekana kwenye tangazo la kanisa akiwa benchi la nyuma, alikuwa anajua, na akatunyamazia.

Ila nikianzia hapo nitamwonea, na mimi huyu mtu nilimpenda. Nampenda bado. Acha nieleze kwanza alivyo, halafu msomaji utashangaa pamoja nami.

Sisi tulimwita Mwalimu tu. Walimu wengine wa shule yetu ya kata, kule njia ya kwenda Makutupora, walikuwa na masomo yao nyuma ya jina: mwalimu wa Hesabu, mwalimu wa Bailojia, mwalimu wa Historia anayeuza mafuta ya alizeti. Yeye alifundisha Kiingereza lakini hakuna aliyejisumbua kulitaja somo. Ukisema "Mwalimu huyo anakuja," vijana walichomekea mashati hata wakiwa nje ya geti, hata wale walioshamaliza shule na wana watoto.

Alikula ugali wa uwele na mlenda. Sisemi kwamba aliupenda kuliko vyakula vingine, nasema alikula huo. Mchana huo, jioni huo. Mkewe, ambaye sote tulimwita mama mwalimu, alitwambia siku moja tulipopeleka madaftari nyumbani kwake: "Nikimpikia wali anauliza nani anaumwa." Suruali zake zilikuwa za kahawia, na darasa zima lilibishana kama ni moja au ni mbili, mpaka tulipoiona moja imeanikwa kambani na nyingine anayo mwilini. Njia ya kwenda shule alipita ileile, upande uleule, na mbuzi walimpisha.

Na huyohuyo ndiye aliyetufundisha kwamba maisha ni kubadilisha badilisha. Ndiyo, huyo.

Tulikuwa kidato cha pili. Aliandika ubaoni kwa mwandiko wake wa kulala: Variety is the spice of life. Akageuka.

"Hii ni nahau ya Waingereza. Varaiti ni mabadiliko, vitu vya aina tofauti tofauti. Laifu mnaijua, ni maisha. Spaisi ni nini?"

Nje tulisikia mtu anapiga punda.

"Spaisi ni kiungo." Akakunja mkono akagonga kiwiko. "Kiungo!" Akaweka mguu juu ya kiti, akagonga goti. "Kiungo! Kwa hiyo mabadiliko ni kiungo cha maisha. Mtu asiye na goti atapandaje mlima? Ataketije? Na kanisani atapiga nini? Maisha yasiyokunjika, wanangu, yanavunjika."

Tukaandika. Mimi nilichora na goti pembeni, na vidole vya mguu vyote vitano.

Zuhura akanyoosha mkono. Mama yake Zuhura alikuwa anauza viungo vya pilau sokoni, na yeye mwenyewe alinukia iliki hata akitoka kulima. Akasimama, akasema kwa sauti ya mtu anayetaja jina lake: "Mwalimu, hicho kiungo si kile cha chakula? Mdalasini, karafuu, iliki? Maana chakula kisicho na kiungo kinachosha."

Darasa likaangua kicheko. Mimi nikiwemo, tena nilipiga dawati.

Mwalimu hakucheka. "Hapa si jikoni kwenu," akamwambia. "Tumbo lako ndilo linalokusomea? Simama hapohapo." Zuhura alisimama mpaka kengele. Tangu siku ile tulimwita Pilau, mpaka tunamaliza kidato cha nne tulimwita Pilau, na yeye akaacha kunyoosha mkono.

Hiyo ndiyo nahau. Nawaapia, hakuna kitu kingine nilichotoka nacho shuleni kikanisaidia kama hicho. Matokeo yangu yalikuwa ya kawaida, ya kusikitisha kidogo. Nikaenda kufanya kibarua kwenye mashamba ya zabibu, kupogoa, kufunga matawi, kuvuna. Msimu ukiisha, kibarua kimeisha. Wenzangu walilia. Mimi nilijiambia, haya, kunja goti. Nikasuka watu nywele. Zabibu zikaiva tena, nikarudi. Mvua zikikatika nikauza barafu. "We binti huchoki kuhamahama?" mama aliniuliza, nikamjibu kwamba maisha yana viungo. Nilikuwa na furaha kweli. Nililala nikiota nimevaa shati jeupe napokea wageni pale shambani, wageni wa kutoka Dar, wabunge, Wazungu, nawatembeza kwenye mizabibu na kuwaonjesha mvinyo.

Kuhusu kukosea, Mwalimu alikuwa na sheria moja: wengine ndio wanaokosea. Alisahihisha kibao cha kinyozi kwa kalamu nyekundu mpaka kinyozi akabadilisha kibao. Alisahihisha kadi ya mwaliko wa harusi akamrudishia bibi harusi. Marehemu babu yangu alipomwandikia barua ya kumshukuru, barua ilirudi na alama, sita kwa kumi.

Siku moja alikwenda msibani Makole. Akaingia nyumba siyo. Ile aliyoingia walikuwa wanamuaga binti anayekwenda kuolewa, maturubai ni yaleyale, viti vilevile vya plastiki. Alipofika katikati ya uwanja, na koti lake la huzuni, muziki ukawaka. Mtu mwingine angesema samahani, nimepotea. Yeye aliketi. Aliketi na uso wa msiba kuanzia saa nane mpaka keki ilipokatwa. Mshehereshaji akamwita atoe neno, na akalitoa, tena kwa Kiingereza, dakika kumi, watu wakapiga makofi. Mama mwalimu alipomuuliza nyumbani ilikuwaje, akajibu: "Nilikuwa na jambo la kuwaambia vijana wale."

Lakini ngoja. Huyuhuyu, korongo lilipojaa maji ya mvua, alivua viatu, akapandisha ile suruali ya kahawia, akatuvusha mmoja mmoja mgongoni. Mimi nilikuwa mzito, nikamwambia Mwalimu niache nisubiri maji yapungue. Akasema, "Maji hayana ratiba, kipindi kina ratiba. Panda."

Na mama yangu alipougua, miezi ile mibaya, alikuja kila siku baada ya vipindi. Hakusema pole hata mara moja. Aliketi kwenye ndoo iliyogeuzwa karibu na kitanda, akasahihisha madaftari yangu, akampa mama bakuli la mlenda, akaondoka. Mama alisema, "Mwalimu wako hana maneno." Kisha akaongeza, "Lakini jana alichelewa nikamtafuta kwa macho."

Sasa mtu wa namna hiyo akikuambia spaisi ni goti, utabisha?

Mimi sikubisha. Nilibishana na waliobisha.

Ilikuwa hivi. Lile shamba ninalovunia zabibu lilitangaza nafasi ya kupokea wageni. Nafasi moja. Niliomba, wakaniita. Niliazima shati jeupe. Mezani walikaa watatu, katikati dada meneja, mtu mpole, ana miwani ya kamba. Akaniuliza kwa Kiingereza: mgeni amekuja, anapenda mvinyo mtamu tu, utamwambiaje ili aonje na aina nyingine?

Nikajibu bila kukwama: "Because variety is the spice of life!"

Wote watatu wakatazamana wakatabasamu. Mzee wa pembeni akaandika kitu. Dada meneja akasema, "Safi kabisa mdogo wangu. Haya, na kama mgeni ni mama wa Kitanzania, hajui Kiingereza, mweleze maana yake."

Nikasimama. Nikakunja mkono, nikagonga kiwiko. Nikanyanyua mguu, nikagonga goti. "Kiungo!" nikasema. "Mama, mabadiliko ni goti la maisha. Ukishika mvinyo wa aina moja unakuwa kama mtu asiye na magoti."

Walicheka mpaka yule wa kulia akatoa leso. Halikuwa cheko baya, siwezi kusingizia. Dada meneja akafuta miwani. "Hapana, mdogo wangu. Spaisi ni kiungo cha chakula. Iliki, karafuu, tangawizi. Unajua pilau isiyotiwa viungo ilivyo? Unakula, unashiba, lakini hukumbuki ulikula nini. Maisha ya kila siku namna moja ndivyo yalivyo. Mtu akitaka kusifu kubadili kidogo, chakula, safari, kazi, hata nguo, ndipo anasema maneno hayo. Huenda darasani ulisikia vibaya."

Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi. Ningesema tu, ndiyo dada, nilisikia vibaya. Neno dogo! Badala yake nikajisikia ninasema: "Samahani dada, sikusikia vibaya. Aliyenifundisha hajawahi kukosea."

"Hajawahi?"

"Hajawahi. Labda nyie mmefundishwa tofauti."

Mzee wa pembeni akaweka kalamu chini. Dada meneja akanitazama kwa huruma, na huruma ile ndiyo ilinimaliza. "Na mgeni akikusahihisha," akaniuliza taratibu, "utabishana naye hivi?"

Nafasi aliipata mwingine. Mimi nilirudi kwenye mkasi wa kuvunia.

Nilikaa siku tatu nashangaa. Nilikwenda kwa mwalimu wa Kiingereza anayefundisha pale shuleni sasa, akafungua kamusi akanionyesha kwa kidole. Spaisi. Kitu cha kutia ladha. Goti halikuwepo. Nikasoma mara nne.

Nikaenda sokoni kwa Zuhura. Sasa ndiye anayeuza, mama yake amechoka. Nikamwambia, "Zuhura, ulikuwa sahihi." Hata sikutaja nini.

Akaendelea kufunga bizari kwenye karatasi. "Nilijua niko sahihi. Mama yangu anauza vitu hivyo, ningekosaje?" Kisha akaniangalia. "Kilichoniuma ni nyie kucheka. Wewe ulipiga dawati."

Nikamwomba radhi palepale mbele ya wateja. Akanifungia mdalasini, akasema, "Nenda zako bwana, utanifukuzia watu." Lakini alikuwa anatabasamu. Nikaona, kumbe neno lenyewe halina mwiba. Ukilisema linatoka, basi. Ndipo nikaamua: nitakwenda kwa Mwalimu, na sitaki kitu kingine kwake ila hilo neno. Nilikosea. Moja tu. Nafasi imekwenda, sawa, lakini nilimtetea mbele ya watu mpaka nikaipoteza, kwa hiyo neno hilo ni haki yangu.

Amestaafu, anakaa Makole, nyumba ya vyumba viwili na uwanja mdogo. Nilimkuta sebuleni anasoma gazeti la juzi na kalamu nyekundu mkononi. Mama mwalimu alikuwa mlangoni nje anapepeta uwele.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Keti."

Nikamweleza yote. Shati la kuazima, goti, cheko, kila kitu. Nilitegemea atakataa, atasema wale watu hawajui. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nimebeba na kamusi ya kuazima kwenye mfuko. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nilipomaliza, akakunja gazeti mara mbili.

"Ni kiungo cha chakula," akasema.

Nikadhani sikusikia. "Mwalimu?"

"Iliki na wenzake. Tulikwenda semina mjini, walimu wote wa Kiingereza. Mwezeshaji akaonyesha picha ukutani, mabakuli ya viungo, vyekundu, vya manjano, na juu yake ile nahau. Ukumbi mzima wanaitikia kwa vichwa. Mimi nikabaki nimekodoa macho."

"Semina hiyo ilikuwa lini?"

"Nyie mlikuwa bado shule ya msingi."

Nilisimama, nikaketi tena. Kabla yetu! Kabla ya Zuhura! Alipomsimamisha mtoto wa watu mpaka kengele, alikuwa ameshayaona mabakuli yale kwa macho yake.

"Kwa hiyo Zuhura ulijua anasema kweli?"

"Nilijua."

"Ukamwambia tumbo ndilo linamsomea?"

"Sikiliza, binti. Hicho kiungo nilikitafuta kwenye kamusi ya Kiswahili nikiwa kijana, nikaona maana ya kwanza, ya mwilini, nikafunga kamusi. Nikafundisha goti miaka na miaka. Watoto walilipenda goti. Ninyi ndio mliokuwa wa kwanza niliopanga kuwaambia ukweli. Nilikuja na maneno yangu nimeyaandika. Kwanza niwafundishe kama zamani, halafu niseme, sasa tazameni, hata mwalimu. Ndipo yule mtoto akanyoosha mkono, akalisema kabla yangu. Na nyie mkacheka." Akaigeuza kalamu vidoleni. "Nikadhani mnanicheka mimi."

"Tulimcheka yeye, Mwalimu."

"Sasa najua."

Msomaji, nilitaka kulia na nilitaka kumtupia kamusi. Nilimwona amekaa pale, mzee, kola imechakaa, nikakumbuka mgongo wake kwenye maji ya korongo. Sikutaka kumwonea huruma kabla sijapata changu.

"Mwalimu, mimi nilipoteza nafasi. Walinipa nafasi ya kusema nilisikia vibaya, nikakataa kwa ajili yako. Naomba useme."

"Niseme nini?"

"Unajua."

Akakohoa. Akaweka kalamu mezani, akaitengeneza ikae sambamba na gazeti. Kisha akasema, kwa ile sauti yake nzuri ya darasani: "I was mistaken."

"Kwa Kiswahili, Mwalimu."

"Kwani hukuelewa?"

"Nimeelewa. Ndiyo maana."

Nilishangaa mimi mwenyewe kwa ujasiri ule. Nje ungo ulikuwa unasema shwaa, shwaa. Mwalimu akautazama ukuta. Akafungua mdomo ukatoka upepo mtupu. Akajaribu tena. Kwa Kiingereza alikuwa amelitoa kama mtu anayehesabu chaki, lakini la Kiswahili lilikuwa limemkaa kooni, nililiona linavyopanda na kushuka. Akaibana mikono katikati ya mapaja. Nikaogopa. Nikataka kumwambia, basi Mwalimu, yaishe.

"Nilikukosea," akasema.

Mimi nilikuwa nimeomba "nilikosea," neno la mtu na daftari lake, kama vile amekosa hesabu. Ningelichukua hilo nikaondoka nimeridhika. Yeye, mwalimu wa lugha ya watu, akatia silabi moja katikati, akaniingiza na mimi ndani. Ilinichukua muda kugundua kwamba nimeshika kitambaa cha meza.

Shwaa, shwaa ikakoma.

Mama mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi, pumba zimemjaa kwenye nyusi. "Umesemaje?"

"Naongea na mwanafunzi wangu."

"Nimesikia. Miaka yote niko na wewe nyumba moja, sijawahi kulisikia hilo neno likitoka kwenye huo mdomo. Nilidhani hukujaaliwa." Akaingia. "Hilo la kwake. La kwangu liko wapi?"

Mwalimu akanitazama mimi, kana kwamba nina jibu.

Mama mwalimu akaweka ungo sakafuni, akajifuta mikono kwenye khanga, akavuta kigoda mpaka mbele ya magoti ya mumewe, akaketi akakaa vizuri, kama mtu aliyejua kwamba itachukua muda.

"Haya," akasema. "Tuanze na ile siku ya kunitoa kwetu."

Nikaaga. Hakuna aliyeniitikia.